Upele wa Subi na kabuti langu la kazi

Kwa zaidi ya miaka sitini nimeficha kitu kilichokuwa kinamletea binti yangu upele usoni. Admin, naomba ufiche jina langu. Jina la binti nimelibadili, nitamwita Subi. Mimi ni mzee wa miaka tisini na kitu, nilikuwa karani, baadaye mwalimu. Figo zimechoka, na daktari ameshazungumza na wanangu pembeni wakidhani sisikii. Naandika mwenyewe, polepole. Msitarajie machozi. Nimejaribu kulia, hayaji.

Nilioa miaka ya hamsini. Mimi ni Mnyakyusa wa milimani Rungwe, mke wangu Mhehe wa karibu na Tosamaganga, nilikokwenda kusoma. Kwetu wakati ule mke hakutakiwa kuonana na baba mkwe. Akimsikia anakuja, anaacha njia, anainama majanini na kujifunika nguo mpaka mzee apite. Mke wangu aliona ajabu, ila alishika. "Baba Subi," aliniambia akicheka, "baba yako mimi namjua kwa kikohozi tu."

Nilikuwa karani wa mizani kwenye shamba la Mzungu la pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, huko juu kwenye baridi. Nilikuwa nalala hukohuko, Jumamosi narudi nyumbani kwa baiskeli nimevaa kabuti langu la kaki. Nilishinda nalo wiki nzima kwenye banda la kukaushia maua. Nikifika, Subi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, anakuja akiyumba, namfunika ndani ya kabuti, analala uso kifuani kwangu.

Jumapili mashavu yanakuwa mekundu. Jumatatu vipele vimefika kwenye kope, vinatoa maji, anajikuna mpaka damu. Tulimpaka samli. Mama yangu alileta majani. Zahanati walimpaka dawa ya zambarau, akakaa na uso wa zambarau. Wiki ikielekea mwisho upele unakauka, nami narudi, unaanza tena.

Mke wangu akampeleka kwao Iringa, wakakaa mpaka mahindi yakavunwa. Alirudi na uso safi kabisa. Jumapili ya kwanza tu, upele ukatoka. Mama akasema, "Kwao anapona, kwetu anaumwa. Kuna kitu huyu mwanamke amekivunja hapa."

Wiki hiyohiyo nikamwona kibarua mmoja pale shambani, macho yamevimba, mashavu yana vipele kama vya mwanangu. Nikamuuliza ana nini. Wenzake wakacheka. "Karani, wewe hujui? Pareto imembusu huyo! Vumbi lake halipendi kila ngozi." Nikalitazama kabuti langu. Lilikuwa na vumbi la maua mpaka kwenye mishono.

Jumamosi mke wangu akanitangulia kusema. "Baba Subi, mtoto anaumwa ukija wewe. Naomba hilo kabuti uliache nje."

"Unataka kusema mimi ndiye namroga mwanangu?"

"Sijasema hivyo. Nimesema kabuti."

Ndugu zangu walikuwa nje wanasikia. Mmoja akapaza sauti, "Msomi wetu leo anavuliwa nguo na mkewe!" Wakacheka sana. Sikuliacha nje. Nilimbeba mtoto nalo, palepale mbele yao.

Baba akaita ukoo. Kwetu ugonjwa wa namna hiyo ulikuwa na mtu nyuma yake. Baba akauliza, "Kama si mkamwana, ni nani? Mtajeni." Ikaelezwa mbele ya wazee kwamba mke wangu alionekana akipita mbele ya baba barazani, uso wazi, bila kujifunika, siku ambayo mzee alikuwa amesinzia kwa pombe. Baba hakuweza kukubali wala kukataa, kwa sababu alikuwa amelala. Na mke wangu hakuweza kuja kujitetea, maana hakuruhusiwa kusimama mbele ya baba mkwe. Alikuwa nyuma ya nyumba. Alimtuma mama yangu aseme, "Mwambieni Baba Subi aeleze habari ya kabuti." Wote wakanigeukia. Nikasema hakuna habari ya kabuti.

Alirudishwa kwao. Mtoto akabaki, kwa kuwa alikuwa wa kwetu. Jumatatu nikaenda kazini, nikalitundika kabuti kwenye msumari bandani, na sikurudi nalo nyumbani tena. Uso wa Subi ukapona. Ukoo ukasema, mmeona? Siku waliyosema hivyo tulikula nyama. Nakumbuka nilikula vizuri.

Subi alilelewa na bibi yake, akaambiwa mama yake alimharibu uso kwa kiburi cha kupita mbele ya babu bila kujifunika. Mama yake alimtumia gauni kwa msafiri, bibi akalirudisha. Mama yake alipofariki, Subi alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Nikamwambia twende Iringa tukazike. Akanijibu, "Baba, nikamzike yule aliyeniharibu uso?" Hatukwenda.

Sasa Subi naye ni bibi, na ndiye anayeniuguza. Ananiogesha. Ananilisha uji kwa kijiko na kunifuta mdomo. Tangu daktari azungumze nao, ameanza kuniuliza, "Baba, ukiondoka wewe nitamuuliza nani? Siku ile, nani hasa alimwona mama akipita?" Namjibu kwamba wazee wale wote wamekufa. Anasema sawa, kesho yake anauliza tena.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nishaurini. Nimwambie, wakati mkono wake ndio unaonilisha, au nimwache azike baba anayemjua? Msinipe pole, siihitaji. Na kabla hamjajibu, mjue mnamshauri nani. Hakuna aliyemwona mke wangu barazani, kwa sababu hakupita. Aliyesimama mbele ya wazee akasema amemwona ni mimi.