Mjumbe Hafukiziwi Udi

Nakumbuka Ijumaa moja pale mtaa wa Umoja, nina miaka kumi na tisa, nakimbia na chetezo mkononi kama mtu anayewahi heri. Salma mwanangu, keti nikwambie, na usinicheke ati mvi bado hazijaniota. Jana umenitia hasira ambayo sijaiona tangu siku ile.

Wageni wa posa yangu walikuwa njiani. Nami nilivyo mtu wa ndoto, nilishajiona na hina hadi viwikoni. Lakini nyumba ilinuka yai viza. Nikasema ni mtaro wa nyuma umefurika tena, maana mtaro wa Umoja haukuombi ruhusa. Nikafunga madirisha, nikamwacha mtoto wa dada yangu amelala ndani, nikatoka uani kuwasha makaa, nikatia udi. Sikukumbuka kwamba asubuhi ile nilibadilisha mtungi wa gesi, kichwa chake nikakipachika mbio mbio huku naimba.

Mlangoni nikakutana na jirani yetu, Bi Mwanaisha.

"Hicho chetezo wapeleka wapi?"

"Ndani, Bi. Nyumba yanuka, na wageni..."

Alinusa mara moja tu. Akaninyang'anya chetezo, akakizamisha kwenye beseni la nguo.

"We Rukia! Wataka kutuchoma? Hiyo ni gesi! Imetiwa uvundo makusudi ikwambie imetoroka. Mjumbe hauawi, na wewe wamfukizia udi!"

"Nilidhani mtaro, Bi."

"Mtaro ni hiyo pua yako! Usiguse swichi yoyote!"

Akaingia, akatoka na mtoto. Akarudi, akafunga mtungi, akafungua madirisha yote. Mtoto yule wa dada yangu alikuwa amelala mkekani, chini kabisa, na gesi ya mtungi ni nzito, nayo hulala huko huko chini. Alikuwa na miezi saba. Mtoto huyo ni wewe, Salma.

Sasa jana natoka sokoni Gikomba na mzigo wangu, nakukuta umepuliza marashi jikoni kufunika uvundo ule ule wa gesi, na kiberiti umeshika! Ati, "Mamdogo, si nimeshaimaliza hiyo harufu? Tulia basi." Umemaliza nini? Umemziba mjumbe mdomo! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila gesi haikuachii hata hilo guu.

Basi sikia. Ukinusa uvundo ule, usiwashe, usizime, usifukize. Toa watu, fungua madirisha, funga mtungi ukiweza, kisha toka uite anayejua. Na kila ukibadilisha mtungi, paka maji ya sabuni kwenye maungio; yakitoa mapovu, panavuja. Usipime kwa kiberiti kama yule muuza gesi wa kona anavyofanya huku akicheka. Iko siku kiberiti kitamcheka yeye.

Nimefoka kwa sababu nakupenda. Mola akuhifadhi, mwanangu, moto wa jiko lako uwe wa kupikia tu, na siku ya posa yako nyumba inukie udi, ukishanusa kwanza.