Binti yangu kahama car seat kaingia booster, na babu yake mkali kakaguliwa mkanda

Wakuu, habari za wikiendi.

Haya yamenitokea mwenyewe na nayaandika yalivyo. Kuna sehemu nitajisifia kidogo, mnivumilie.

Mimi nauza mbegu na dawa za kilimo hapa Kilosa. Nina kagari kadogo na binti mmoja, Nuru, yuko darasa la pili.

Tangu mdogo Nuru alipanda car seat yenye mikanda yake yenyewe, ile inayomshika mtoto mabegani, kiunoni na katikati ya miguu. Huku watoto wengi wanapakatwa tu, kwa hiyo mtaani walinicheka sana.

Mwaka jana akaanza kugoma. Wenzake shuleni walimwona akifungwa, wakamtania.

"Baba, mimi siyo mtoto mchanga."

Nikanunua booster, kile kiti cha kumnyanyua mtoto ili mkanda wa kawaida wa gari umkae sawa. Siku ya kwanza tukaenda wote Magole, nilikuwa napeleka mbegu.

Njiani natupa jicho kwenye kioo, naona mkanda wa juu kaupitisha chini ya kwapa. Nikapaki pembeni, nikafoka.

"Nani kakufundisha kuvaa hivyo?"

"Si hata wewe umevaa hivyo, baba."

Wakuu, nikajiangalia. Kweli. Mkanda ulikuwa unanikera shingoni, nimezoea kuupitisha chini ya kwapa. Na nikiwa hapa mjini ndiyo kabisa, nilikuwa nafunga nikimwona traffic.

Tukarekebisha wote wawili, tukaendelea na safari.

Kesho yake nikamrudishia car seat. Nikamwambia bado hajafika wakati wa booster, na mimi pia bado sijajua kufunga mkanda. Alilia. Lakini tukakubaliana kila mtu afunge vizuri kila safari, hata ya kwenda sokoni. Kuanzia hapo kila asubuhi ananikagua kabla sijawasha gari. Kuna siku nimechelewa dukani kwa sababu yake, sikuthubutu kugomba.

Mwaka huu mabega yake yakapita matundu ya juu kabisa ya mikanda ya car seat. Hapo kile kiti ndiyo basi tena.

Nikamkalisha kwenye booster, gari limesimama uani. Mkanda wa chini ulale kwenye nyonga, usipande tumboni. Wa juu upite katikati ya bega, usiguse shingo. Vyote sawa.

Mama Nuru akasema, "Uani kila mtu anakaa vizuri. Twende Mikumi tumwone."

Mikumi ndiko kwa wazazi wake. Ni mwendo wa kutosha kwa mtoto kuchoka, kuboreka na kuanza kujilaza.

Nuru hakujilaza. Aliimba, akauliza maswali, akanyamaza, mgongo umeegemea kiti muda wote.

Tumebakiza kidogo tufike, ndama akachomoka porini mbele yangu. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Mkoba wa Mama Nuru ukaruka ukaanguka chini. Gari likasimama, ndama huyo akapita zake.

Niliogopa kugeuka nyuma.

"Baba, mkanda umenishika hapa," Nuru akasema, anagusa bega. Mkanda ulikuwa palepale unapotakiwa. Mama Nuru alimwangalia, kisha akaniangalia mimi. Macho yamemjaa machozi.

Sasa Jumapili. Babu yake ni mstaafu wa reli, mtu mkali. Mimi mkwe wake huwa napima maneno mbele yake. Akaomba tumpeleke kanisani, akakaa mbele. Nikawasha gari.

"Babu, samahani. Hujafunga mkanda."

Ni Nuru huyo, kutoka nyuma.

"Kanisa si hapo tu, mjukuu wangu?"

"Ndiyo, Babu. Lakini baba haondoki mpaka wote tufunge."

Wakuu, nawaambia ukweli, mimi ningeondoka! Nikabaki naangalia usukani.

Mzee akavuta mkanda, akahangaika nao, mwishowe akasema, "Haya, baba Nuru, nifungie." Nikamfungia.

Ibada ilipokwisha, niliwakuta wameshakaa garini kabla yangu. Mzee alikuwa amejifunga mwenyewe. Akageuza shingo nyuma, akamwambia Nuru, "Haya, kagua."

Nuru akakagua, akasema, "Uko sawa, Babu. Baba, twende."

Nilichojifunza ni kwamba umri peke yake hautoshi kumhamisha mtoto. Angalia kama kile kiti hakimtoshi tena, kama mkanda unamkaa, na kama anaweza kutulia safari nzima bila kuuchezea. Na wewe dereva jiangalie kwanza, maana anakuiga.

Wenye watoto wa umri huu, ninyi mlijuaje kwamba wamefika wakati wa booster? Na akisinzia kwenye booster, kichwa kikaanza kulala upande, mnafanyaje? Tiririkeni hapa. Nuru yuko pembeni yangu, anataka nimsomee majibu.