Pale Wanapolala Ng'ombe wa Yotham

Habari hii nimepewa na Angelina, anayewapikia watu wa kambi ya gofu nje kidogo ya Mlali. Alinisimulia Jumapili iliyopita baada ya ibada, tukichambua mlenda barazani. Nami naiandika kama nilivyoisikia, bila haraka.

Ni Jumamosi asubuhi, umande haujakauka. Shamimu Jamaldini anatembea nyuma ya ng'ombe. Hana fimbo. Ana vigingi begani na nyundo mkononi, na macho yake hayatoki kwenye kwato.

"Mbukwa, binti Jamaldini!" anaita mzee Yotham, mwenye ng'ombe, kwa salamu ya Kigogo. "Leo tena umekuja kunichungia?"

"Shikamoo, mzee. Hawa ndio wananichunga mimi."

"Marahaba. Basi usichelewe, wenzio wanatangulia."

Kazi ya Shamimu ni kuchora viwanja vya gofu. Wengi wetu hatujauona mchezo huo, basi nieleze kidogo. Kiwanja hiki kina njia tisa. Mtu anasimama mahali, anapiga kijimpira, anakifuata, anapiga tena, mpaka akifikishe kwenye nyasi fupi penye shimo na bendera. Hapo njia hiyo imekwisha, anaanza nyingine. Anayechora ndiye anayeamua bonde livukwe wapi na kilima kizungukwe wapi. Na njia ya mwisho lazima imrudishe mchezaji karibu na pale alipoanzia, kama mtu anayerudi nyumbani.

"Mimi sibuni kitu," humwambia Angelina wakinywa chai. "Njia zimo humu humu, zimelala. Mimi naziamsha tu."

Haya aliyaanza utotoni. Baba yake alikuwa dereva wa basi la Kondoa na Dodoma, naye Shamimu aliketi nyuma ya kiti chake. Siku moja akauliza kwa nini barabara ya zamani inajipinda vile. Baba akamwambia waliotangulia walifuata punda wa misafara, na punda hapandi mlima akiweza kuuzunguka. Tangu hapo Shamimu haoni kilima bila kujiuliza punda angepita wapi.

Miaka mingi alichora chini ya wengine. Hiki ni kiwanja cha kwanza alichokabidhiwa peke yake, na aliwaahidi wenye mradi kwamba hakuna kilima kitakachokatwa. Njia nane zilimkubali. Ya tisa ikamkatalia.

Namna yake ya kufanya kazi ndiyo iliyomponza. Ng'ombe, adhuhuri, huchagua pa kulala na kucheua: pakavu, pasipo mawe, penye mwinamo mdogo. Nyasi za bendera nazo hutaka pa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo walipolala, Shamimu naye alijilaza chini kando yao. Mwili ukitulia bila kuteremka, alipigilia kigingi. Bendera nane alizipata hivyo, mvua za mwaka jana zikiwa zinaisha. Ya tisa akaipata katikati ya kiangazi, kule bondeni chini ya migunga.

Mvua za kwanza zikaja. Korongo likafurika, bendera ikasimama katikati ya maji, vyura wakiimba kuizunguka.

Mzee Yotham alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, wale walifuata kivuli! Kiangazi ng'ombe hachagui pa kulala, anakimbia jua."

"Na wewe mzee ulikuwepo. Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani watu wa gofu wanapenda kuogelea."

Msimamizi wa mradi, Ludovick, hakucheka. Ijumaa alikuja kambini na kusema, "Dada Shamimu, nimevumilia. Jumatatu tingatinga linakuja kukata bega la kilima, tupate pa kuweka bendera. Kama una njia nyingine, nionyeshe kesho."

Jioni ile sahani ya Shamimu ilirudi jikoni na ugali wake wote. "Hata mboga hakuigusa," anasema Angelina.

Ndiyo maana Jumamosi hii anafuata kwato. Na ng'ombe, kwa kuwa bonde limelowa, hawashuki. Wanapanda taratibu, wakizunguka kilima kwa upande wa mawio, kati ya majani mapya na vipepeo weupe wanaoinuka kila mguu unapokanyaga. Shamimu anapanda nao kama mtu anayetembea ndotoni.

Jua linapofika juu, jike mkubwa anapiga magoti kwenye bega lile lile la kilima. Wengine wanafuata. Wote wameelekeza vichwa upepo unakotoka.

"Hapa palikuwa tembe la babu yangu," anasema Yotham. "Kuta zilirudi udongo zamani."

Shamimu anashtuka. "Kuna makaburi?"

"Makaburi yako kule kwenye minyaa. Hapa walikuwa wanalala tu."

"Utakubali watu wachezee hapa?"

Mzee anafikiri. "Babu alipenda wageni. Lakini ng'ombe wangu wapite. Njia yao usiizibe."

"Nitaipitisha ya gofu chini yake, mzee. Hazitagusana."

Anajilaza. Mwili unatulia. Anageuza shingo, na chini pale, karibu kabisa, anakiona kigingi cha kwanza, pale mchezaji anapoanzia. Njia imerudi nyumbani. Anainuka kwa magoti na kupigilia kigingi.

Ludovick alipofika alizunguka mara mbili, akapitisha kiatu kwenye udongo, akaweka kijimpira chini. Kikasogea polepole, kikasimama.

"Mvua imenyesha jana na hapa pakavu," akasema. Akatoa simu. "Haloo, ndugu yangu, tingatinga libaki huko huko." Kisha akamgeukia mzee. "Na hao wachoraji wako, wanakula nini?"

"Majani yako," akajibu Yotham.

Nyasi zitapandwa mvua hizi hizi. Shamimu anataka zikishika amlete mama yake kutoka Kondoa, watembee njia zote tisa mkono kwa mkono, bila kupiga mpira hata mmoja.

Angelina alipopanda na chakula cha mchana, Ludovick alikuwa ameshaondoka. Mzee Yotham alikuwa anakoroma, kofia usoni. Shamimu alikuwa amelala kando ya kigingi, mkono mmoja umekishika. Ng'ombe walikuwa wanacheua. Angelina akaweka sufuria chini, akaketi kuwasubiri waamke, upepo ukimpepea. Hajui na yeye alipitiwa na usingizi saa ngapi.