Neno Moja Kwenda Mwanza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kambi ya utafiti wa dhahabu upande wa Bulyanhulu, meneja alinionyesha kompyuta, redio na modemu, yaani kisanduku kinachogeuza maandishi yawe mlio unaopita redioni. Barua pepe, alisema, zinakaa foleni ndani ya kompyuta hadi jioni, kisha zinaondoka kwa mkupuo. Jambo la haraka unaliandika papo kwa papo, na mwenzako aliyeko Mwanza analisoma ungali unaandika.

Mwenzangu huyo alikuwa Mzee Hamisi, ambaye sikuwahi kumwona. Hata papo kwa papo tulianza na shikamoo na marahaba, tukaulizana mvua, watoto na mifugo. Meneja alinung'unika kwamba tunamaliza betri kwa porojo. Mimi ni Msukuma, siwezi kumvamia mtu mzima na shida zangu kabla sijamjulia hali. Sikuacha.

Masika moja bomba la mashine ya kuchoronga miamba lilimwangukia fundi wetu Masanja, likamponda paja. Damu haikukatika. Radi zilikuwa zimeharibu sauti ya redio. Maandishi tu ndiyo yalipenya, tena kwa shida. Nikamwita Mzee Hamisi, na alipoitika nikaandika: NDEGE. Mawasiliano yakakatika hapo hapo.

Nilijaribu tena na tena, kimya. Meneja akaamuru Masanja apakiwe garini apelekwe Kahama. Barabara ilikuwa tope tupu, nami nilijua angefia njiani. Nikasimama mlangoni pa gari.

"Mama Kulwa, umeandika neno moja tu. Una hakika amekuelewa?"

"Sikumsalimu, bosi. Ameelewa."

Alinitazama, kisha akaagiza Masanja abebwe hadi kiwanja cha ndege cha hapo kambini. Nilikaa na kichwa chake mapajani, yeye akinong'ona "mayu, mayu", akimwita mama yake. Niliogopa sana. Kama nimekosea, mimi ndiye niliyemuua.

Mawingu yalipoachana kidogo tukasikia injini. Daktari alikuwemo. Rubani alisema Mzee Hamisi aliwafuata mbio, akiwaambia kambini kuna mtu anakufa. Masanja anachechemea hadi leo, ila analima mpunga wake Kagongwa.

Sasa nimestaafu. Ujumbe wa wajukuu unaingia kwenye simu kabla sijavaa miwani. Wanaandika "Bibi", basi. Moyo unanilipuka, nawapigia kuuliza nani kaumia, kumbe wanataka kujua nimepika nini. Nimewaambia wanisalimu kwanza, nijue wote wako hai.