Skim, Scan na Ng'ombe wa Kitabuni

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilipata kazi ya kufundisha Kiingereza katika sekondari moja ndogo hapa Kitengela, kwa majaribio ya muhula mmoja. Mwishoni mwalimu mkuu angekaa nyuma ya darasa, asikilize, kisha aamue kama nibaki au nirudi kwa mama. Niliitaka kazi hiyo kupita kiasi.

Kilichonisumbua ni maneno matatu: "skim", "scan" na "peruse". Wanafunzi waliyachanganya kama mahindi na maharagwe kwenye githeri. Hilo la tatu hata walimu wenzangu walidhani ni kupitisha macho juu juu, kumbe ni kusoma kwa makini, neno kwa neno. Darasa lilijaa watoto wa wafugaji, basi nikaamua kutumia mifugo. Kulitupia kundi zima jicho ujue hali yake, hiyo ni "skim". Kumtafuta mmoja tu kati ya wengi, "scan". Kumkagua huyo mmoja meno, kwato na kupe masikioni kabla hujamnunua, "peruse". Walicheka, wakaelewa, nami nikavimba kichwa.

Siku ikafika. Niliwapa kifungu nilichotunga mwenyewe, kuhusu mzee aliyetoa ng'ombe wake asubuhi na kuwarudisha jioni, kila mmoja akitajwa kwa rangi yake.

"Scan haraka," nikasema. "Mzee ana ng'ombe wangapi?"

Hakuna mkono hata mmoja. Nikarudia swali. Kule nyuma mwalimu mkuu, naye akiwa na nakala ya kifungu, akaandika kitu, nikajua nimekwisha.

Mwishowe msichana wa dawati la mbele akanionea huruma. "Madam, ng'ombe ya mtu haihesabiwi. Ni mkosi."

"Hata ya kitabu?"

"Hata hiyo."

Mwalimu mkuu, mzaliwa wa Kajiado aliyekua akichunga, akasimama. Nilidhani anatoka. Kumbe aligeukia darasa. "Angalieni tena," akawaambia. "Jioni, ni gani haikurudi?"

Mikono ikaruka juu kabla sijameza mate. "Ile nyekundu!"

Nikainamia karatasi yangu. Kweli, nyekundu alitoka asubuhi na wenzake, na jioni hakuwepo. Nilikuwa nimemsahau huko malishoni wakati wa kuandika, na nilikuwa nimesoma kifungu hicho mara nyingi bila kuona. Nilitamani sakafu inimeze.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshafika mlangoni. "Utabaki, Madam," akasema. "Lakini hiyo ng'ombe ya wenyewe rudisha kwanza."