Vitundu Vitatu vya Dirisha la Mama

Fundi wa madirisha aliziba vitundu vitatu kwa silikoni, ile gundi laini ya kuzibia nyufa, na kwa sababu ya vitundu hivyo shemeji yake aliitwa mchafu mbele ya watu. Baadaye fundi alijua, akanyamaza. Kosa lenyewe ndilo hilo, na hata ulizungushe vipi halipungui uzito.

Mafundi wenzake wamempa jina la Silikoni. Wanasema huyu bwana hata mkewe akinuna atamziba kwa silikoni, mambo yaishe. Bomba lake la gundi hiyo linakaa kiunoni kama bastola ya askari. Lakini kazini si mtu wa kubahatisha. Dirisha la vioo viwili likigoma kufunga, hakimbilii kumuuzia mtu jipya. Anatafuta skrubu ya bawaba, anaipa robo mzunguko, na dirisha linajiinua na kukaa mahali pake. Mpira wa pembeni ukikakamaa anaung'oa na kuingiza mwingine bila kuuvuta, maana mpira uliovutwa leo utarudi nyuma kesho na kuacha pengo kwenye kona. Na ukungu ukiota katikati ya vile vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, pale ambapo kitambaa hakifiki, humwambia mwenye nyumba ukweli: hapo hakuna dawa, kioo kitolewe, fremu ibaki.

Kuna jambo moja ambalo wateja humsifia kuliko yote. Kabla ya kufunga kazi huomba kikombe cha maji. Anayamimina taratibu ndani ya mfereji wa fremu, kisha anatoka nje, anachuchumaa chini ya dirisha na kusubiri. Maji yakichuruzika kwenye vitundu vya chini, ndipo anakusanya vyombo vyake. Mteja mmoja, mshona nguo, alimwambia, "Fundi, wewe una roho ya kazi. Wenzako hata hawaangalii." Silikoni akatazama viatu vyake. Kikombe kile hakufundishwa na mtu. Kilianza siku alipojua alichokifanya nyumbani kwa kaka yake.

Mama yao alikuwa akiishi kwa kaka huyo, mtoto wake wa kwanza wa kiume, katika chumba cha nyuma kinachotazama uani. Aliyemlea pale kwa miaka tisa ni mke wa kaka. Ndiye aliyemkata kucha, ndiye aliyejua sikio lipi linasikia, ndiye aliyejua kwamba mama hali mkate ukiwa na ukoko. Mwanamke huyu hakwenda shule hata siku moja, na familia haikumwacha asahau hilo. Akisema jambo la maana, wanasema amebahatisha. Akikosea, wanasema angejuaje.

Mwaka ule wa kwanza wa Silikoni katika kazi ya madirisha haya ya vioo viwili, mama alilalamika kwamba upepo unampiga miguuni. Mtoto fundi akaitwa. Akaja na vyombo vipya vinavyong'aa, akabadilisha mpira, akakaza bawaba. Alipotoka nje akaona chini ya fremu vitundu vitatu vyembamba, kila kimoja kama mdomo wa sanduku la barua. Akaweka kidole, akahisi hewa. Yeye alikuwa ametoka kwenye madirisha ya mbao, na kwenye mbao tundu ni ubovu, huhitaji kuuliza mtu. Akaviziba vyote vitatu, akalainisha silikoni kwa kidole chenye mate, akaona amefanya kazi ya kifundi kweli.

Shemeji yake alikuwa uani anafagia. "Shemeji, hapo ndipo yanapotokea maji mvua ikinyesha," alimwambia. "Nayaona kila siku."

"Ndiyo maana naziba," alisema Silikoni. "Yanapotokea ndipo yanapoingilia. Niachie mimi, nimesomea."

Shemeji akaendelea kufagia.

Mvua za msimu uliofuata zilikuta dirisha halina pa kutemea. Dirisha la namna hii halikuumbwa lizuie kila tone. Huyapokea maji kidogo ndani ya fremu na kuyatoa kwa chini. Sasa yakakaa humo, yakapanda, yakaingia ukutani. Madoa meusi yakatokea chini ya dirisha, kwanza kama punje za pilipili manga, halafu kama ramani. Shemeji alisugua kwa sabuni, akasugua kwa siki, akasugua mpaka rangi ya ukuta ikatoka na vidole vikachunika. Baada ya wiki mbili kuvu limerudi. Mama akaanza kukohoa.

Siku dada yao mkubwa alipokuja kumtazama mama, alipitisha kidole ukutani, akakiangalia, hakusema kitu. Alisema mezani, chai ikiwa imemiminwa, mama mwenyewe yupo, kaka yupo, Silikoni yupo.

"Wifi, hivi wewe chumba cha mama unakifanyia usafi saa ngapi?"

"Kila asubuhi."

"Basi asubuhi ya nyumba hii ni ya mwaka jana."

"Wifi, kosa ni la dirisha. Zamani lilikuwa linatoa maji nje. Tangu lilipotengenezwa halitoi."

Dada akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Sasa hata madirisha yanakojoa? Haya, fundi si huyu hapa. Mdogo wangu, mwambie shemeji yako."

Macho yote yakamgeukia Silikoni. Mama alimtazama kwa ile fahari anayomtazamia tangu alipopata cheti. Na yeye akasema, kwa sauti ya mtaalamu, "Dirisha ni zima. Unyevu wa namna ile hutoka ndani. Nguo mbichi, masufuria bila mifuniko, chumba kisichofunguliwa. Mambo ya usafi tu."

Wakati ule aliamini alichosema. Hilo ndilo jani analojifunikia mpaka leo, nalo ni dogo.

Shemeji akamtazama mumewe. Mumewe akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Wiki ile ile mama akahamishiwa kwa dada, na katika familia mke wa kaka akapata jina jipya, Mama Kuvu. Watoto wa ndugu walilitamka mbele yake bila kujua wanasema nini.

Miezi sita baadaye Silikoni alikwenda dukani kununua kioo cha mteja. Mwenye duka, mzee mwenye ulimi mkali, alikuwa na fremu mezani iliyorudishwa na mtu, imejaa maji kama karai. "Njoo uone," alisema. "Kuna mwendawazimu ameziba pua za dirisha. Dirisha linapumua kwa hapa, bwana. Ukiliziba pua linameza maji, kioo kinaloa makalio, ukuta unaoza. Halafu wenye nyumba wanapigana wao kwa wao."

Silikoni alicheka pamoja na waliokuwepo. Alicheka kwa nguvu kuliko wote. Kisha akaondoka akasahau kioo alichofuata.

Angeweza kwenda kwa ndugu zake kuungama siku ile ile. Ni mwendo wa nusu saa. Lakini kila alipoianza ile safari kichwani, alifika mezani na kumkuta mama. Kwa sababu kama si uchafu wa shemeji uliompa mama kikohozi, basi ni mkono wake yeye, mtoto wa cheti. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Akaona ule wa shemeji unabebeka, akauacha pale pale mabegani mwake. Mwaka na nusu ukapita. Akawa anaomba vikombe vya maji katika nyumba za watu.

Mwezi uliopita kaka yake akampigia simu. Kioo cha chumba cha mama kimeota ukungu katikati, uani hakuonekani. Silikoni alijua kwa nini kabla ya simu kukatwa: kioo kimekaa majini miaka miwili, gundi ya pembeni imeoza. Akanunua kioo kipya, akaenda asubuhi. Alimwomba Mungu amkute kaka. Akamkuta shemeji peke yake.

Chumba kilikuwa kitupu, kitanda kimekunjwa, na ukuta umepigwa chokaa mara nyingi mpaka umevimba. Shemeji akaleta stuli, akakaa mlangoni na sinia la mchele, akaanza kuchambua.

Silikoni akaingiza kisu cha plastiki, akang'oa vile vipande vyembamba vinavyobana kioo, kimoja kimoja, akianza na kirefu. Akatoa kioo kwa vishikio vya mpira vinavyokinyonya na kukishika. Chini yake maji yalikuwa yamesimama, meusi, yananuka kama chombo cha maua kilichosahauliwa. Shemeji aliinua macho, akayaona, akarudi kwenye mchele.

Fundi akatoka nje. Akachuchumaa, akachukua msumari, akachokonoa. Ile gundi ya zamani ikatoka kama mnyoo mweupe, na maji yakaanguka uani kwa kishindo kidogo. Cha pili. Cha tatu. Alipoinuka, shemeji alikuwa amesimama upande wa ndani wa dirisha lisilo na kioo, ana kwa ana naye, sinia mkononi.

"Linakojoa," alisema shemeji.

"Shemeji, kumbe vilikuwa vimezibwa. Mimi leo ndiyo..."

"Usimalize hiyo." Hakupandisha sauti. "Nimekuangalia. Mkono wako haukutafuta. Ulikwenda penyewe, kama mtu anayeingia nyumbani kwake gizani. Umejua tangu lini?"

Maji yaliendelea kudondoka kati yao.

"Mwaka na nusu."

Shemeji akaokota jiwe kwenye mchele, akalitupa uani kupitia fremu. "Mwaka na nusu. Mimi nilidhani nimerogwa, shemeji. Nilikuwa nanusa nguo zangu kabla ya kutoka. Nilianza kuamini kwamba nina uchafu nisiouona, kwamba wenye shule wanaona kitu ambacho mimi sikioni. Kumbe shule yenyewe ilikuwa kiunoni kwako."

"Nisamehe, shemeji."

"Hapa? Mimi na wewe na mchele?" Akatikisa kichwa. "Sikutukanwa chumbani. Nilitukanwa mezani, mama anasikia. Unisafishe pale pale. Jumapili tunakula kwa wifi, wote tutakuwepo. Kaa upande wa kulia wa mama, sikio la kushoto limekufa."

Silikoni akasema atakwenda. Akaweka kioo kipya juu ya vile vipande vidogo vya plastiki vinavyokiinua kisiguse maji, akabana, akafunga. Alipogeuka kuomba kikombe, alikikuta tayari dirishani, kimejaa.

Jumapili alikwenda. Alivaa shati la kutokea. Alikaa upande wa kulia wa mama, kama alivyoelekezwa, na mama akamshika mkono, akawa anapapasa sugu za vidole vyake. "Mikono ya fundi," alisema mama, halafu akakohoa, kile kikohozi kikavu ambacho hakikuisha hata baada ya kuhamishwa. Silikoni akahesabu kikohozi hadi mwisho.

Dada akauliza, "Na kule kwa Mama Kuvu, chumba kimekauka?"

Kaka akainamia sahani. Shemeji hakuinama. Aliweka kijiko chini na kumtazama Silikoni, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeshika mlango ili mwingine apite.

Silikoni akafungua kinywa. Mama akageuza sikio lake zima.

"Dirisha nimelitengeneza," alisema. "Kioo kilikuwa kimechoka. Cha zamani sana kile. Sasa ni kizuri."

"Si nilisema?" alisema dada. "Mdogo wangu huyu akigusa kitu kinapona. Haya, wifi, umepata kioo kipya, sasa ukitunze."

Shemeji akachukua tena kijiko chake. Alikula chakula chote, mpaka sahani ikawa safi kabisa, ya kuonyeshwa watu. Wakati wa kuondoka dada alisema mlango wa jikoni unalia, na Silikoni akapiga magoti pale kutia mafuta bawaba, akakaa nayo muda mrefu kuliko inavyohitaji, mpaka aliposikia kaka na mkewe wamefika barabarani.

Tangu siku hiyo amekwenda kule mara mbili. Amepiga plasta mpya chini ya dirisha na kupaka rangi bila kuombwa. Shemeji humfungulia, humpa chai, hamzungumzishi. Mara ya mwisho alipomaliza, ukuta mweupe kama yai, alisimama akisubiri neno. Shemeji akasema tu, "Ukuta sikukudai mimi."

Na kweli hamdai ukuta. Kaka mtu anadaiwa, kwa chai aliyoikoroga. Dada mtu anadaiwa, kwa jina alilolitia vinywani mwa watoto. Lakini hao hawawezi kulipa kabla fundi hajatangulia. Anadaiwa mezani, dada na kaka wakisikia, na mama akiwa angali na sikio la kulia, aseme: niliziba mimi, nikajua, nikanyamaza. Hajasema.