Bunduki ya Babu Ilivyonukia Sangara

Naandika haya masikio yakiniwaka kwa aibu ingawa ni wiki ya tatu sasa, na najua nusu ya mtaa wetu wa Pasiansi wameshahadithiana kila mtu kwa namna yake (wapo wanaosema nimemuua mbuzi, si kweli, mbuzi alikata kamba tu akaenda zake), kwa hiyo afadhali mpate kutoka kwangu, maana mwenye kushika kitako cha bunduki siku ile nilikuwa mimi.

Bunduki yenyewe ni ya upepo, msiogope. Ni ya babu yangu mzaa mama, Babu Magesa, ambaye alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Misungwi mpaka walipopunguza wafanyakazi, na alipewa na meneja mmoja wa zamani sana aliyekuwa akiitumia kupigia panya ghalani. Haina baruti hata chembe. Ndani kuna springi ndefu, unaukunja mtutu kwenda chini, springi inajibana, ikinasa inalia "ka!", unatia punje ya risasi, unarudisha mtutu, na ukivuta kifyatulio springi inaruka na kuisukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, hewa inatoa punje. Mlio wake ni "pwap", kama mtu aliyefunga Biblia kwa hasira, basi.

Naipenda bunduki ile kupita kiasi, na kwa msichana wa kidato cha pili hilo si jambo la kusema darasani. Wenzangu wakizungumzia magauni ya mitumba mimi nakuwa nafikiria ule mlio wa "ka!". Kila Jumamosi kwa miezi mitatu nilikwenda kwa Babu tukaifungua kipande kwa kipande, tukasugua kutu kwa jivu na mafuta ya taa, tukapaka kitako nta ya nyuki mpaka mistari ya mti ikaonekana kama mawimbi, na Babu haongei sana, mimi siongei kabisa, kwa hiyo tulikuwa tunaelewana vizuri mno.

Kilichobaki kilikuwa kile kikombe cha ngozi kinachovishwa kwenye kichwa cha pistoni ili hewa isivuje. Cha zamani kilikuwa kimekauka kama kaukau. Tulikata kingine kwenye ulimi wa buti lake la kiwandani, akanipa kazi ya mwisho niifanyie nyumbani peke yangu, pamoja na pistoni, silinda na kichupa cha mafuta ya cherehani.

"Lowesha kidogo, ukamue, ufute mpaka kitambaa kitoke kikavu. Ngozi inataka kulainika, haitaki kuogelea," alisema. Kisha akaongeza, akiangalia pembeni, "Jumapili ya mavuno, kwenye shindano la kanisani, utapiga wewe. Ikiangusha vizibo vya soda vitano kati ya kumi mbele ya Masanja, ni yako. Itakaa kwangu kwa sababu ya kibali, lakini itaitwa yako. Isipoangusha, basi, nampa Masanja aitundike ukutani kwake."

Mzee Masanja ni rafiki yake wa Kirumba, Msukuma mwenye sauti ya kipaza sauti, ambaye maduka yalipoanza kujaa vitu vya nje alinunua bunduki yake mpya ya upepo inayong'aa, na hakuna Jumapili inayopita bila yeye kuisema vibaya ile ya Babu.

Sasa sikilizeni ujinga. Jumanne nilikimwaga kile kichupa. Chote, kwenye mkeka wa Mama. Mtu mwenye akili angevuka barabara, nyumba ya tano, akasema "Shikamoo Babu, nimemwaga," akapewa kingine. Mimi nikaona nitaonekana mzembe, na kumwambia mtu mzima jambo lolote kwangu ni sawa na kubeba gunia (mwalimu akiniuliza jina langu nafikiri kwanza). Nikaangalia jikoni. Kulikuwa na kopo la mafuta ya samaki sangara ambayo Mama hununua soko la Mwaloni ya kukaangia. Nikajiambia mafuta ni mafuta. Na kwa kuwa nilikuwa na hatia moyoni nikaona niwe mkarimu, nikakitumbukiza kile kikombe humo tangu Jumanne hadi Jumamosi, kikavimba kama andazi, wala sikukikamua, nikakivisha pistoni kikidondoka, na kilichobaki kwenye kijiko nikakimiminia ndani ya silinda.

Babu aliiunganisha Jumamosi jioni akiwa na mafua, hakunusa kitu.

Jumapili baada ya ibada watu walijaa uwanja wa kanisa, mahindi, mihogo, kuku waliofungwa miguu, mbuzi wawili wa mnada, na pembeni ubao mnene wa mninga wenye vizibo kumi vya soda vilivyopangwa juu ya misumari, na nyuma ya ubao, kwenye kivuli chake, akina mama walikuwa wameweka ndoo kubwa ya togwa kwa sababu kila mtu alijua punje ya bunduki ya upepo haiwezi kutoboa ubao ule. Langoni walisimama sungusungu wawili wa mtaa na pinde zao, kulinda mbuzi.

Mzee Masanja alipiga kwanza, akaangusha vinne.

"Magesa, na wewe umeleta nini hapo, mwiko wa ugali?" akauliza kwa sauti, watu wakacheka.

"Atapiga mjukuu," Babu akajibu.

"Huyu asiyesalimia watu? Haya mama, tusongee ugali tuone."

Nikapiga goti. Mtutu ulitulia, jamani nawaambia ukweli, ulitulia, nikakiona kizibo cha kwanza vizuri, nikavuta.

Haikulia "pwap". Ililia kama transfoma ya umeme iliyopasuka. Moshi wa buluu ukatoka mbele na nyuma, ubao ukatobolewa, na sekunde ileile ndoo ya togwa ikaanza kukojoa upande wa pili. "Yeee, mayu wane!" mama mmoja akapiga yowe la Kisukuma la kumwita mamaye. Filimbi ya sungusungu ikalia, mtu akasema "Majambazi!", na kanisa zima likalala chini, mchungaji na joho lake, kwaya na sare zao, Mzee Masanja nyuma ya gunia la mihogo. Ndipo mbuzi alipokata kamba.

Nikainuka kuangalia kilichotokea, na hilo ndilo kosa, kwa sababu nikawa mtu pekee aliyesimama uwanja mzima, nina bunduki, natoa moshi.

"Weka silaha chini!" sungusungu mkubwa akanielekezea mshale.

"Ni ya... ni ya upepo," nikasema.

"Upepo gani unatoa moshi?"

Babu akaja mikono juu, akatoa kibali chake kutoka ndani ya Biblia, akawaeleza polepole springi na pistoni na hewa, wakaangaliana, na watu wakaanza kuinua vichwa. Halafu Babu, kwa kuniamini, akasema maneno yaliyonimaliza.

"Piga tena, mjukuu, wasikie wenyewe ilivyo pole."

Hapo ndipo ilinipasa kuyasema ya mafuta. Alikuwa ananitazama, angeyapokea tu. Nikakunja mtutu, nikatia punje, nikavuta.

Ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, ila safari hii baada ya kishindo kulikuwa na "tang!" nyembamba ndani ya bunduki, sauti ambayo fundi yeyote haipendi. Watu wakalala tena. Harufu ikatambaa uwanjani, na sauti ya mama mmoja ikatokea chini kwenye nyasi.

"Nani anakaanga samaki siku ya mavuno?"

Paka wa nyumba ya mchungaji akaja, sitanii, akapita katikati ya waumini waliolala, akaanza kuramba mtutu.

Babu akachukua bunduki, akanusa. "Umeweka nini?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

Mzee Masanja alikuwa ameshainuka, akanusa naye, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Magesa! Hii si bunduki, hiki ni kikaango! Wabeja, asante sana, leteni ugali!"

Nyumbani Babu aliifungua mezani. Mafuta yalikuwa yamelipuka kwa joto la ile hewa iliyobanwa, na springi ilikuwa imekatika vipande viwili. Nikamwambia yote, mkeka, kopo, kijiko, nikilia na kamasi juu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Si yako," akasema. Nikatikisa kichwa kukubali. "Wala si ya Masanja, maana haiangushi hata inzi. Haina springi." Akavizungusha vile vipande mkononi. "Sikukukasirikia kwa ajili ya samaki. Nimekukasirikia pale niliposema upige tena, ukapiga bila kuniambia."

Mama naye alinituma nikawaombe radhi wenye togwa, mmoja mmoja, kwa sauti, na nilifika kwa wote saba.

Babu amesema tutatafuta springi ya kitu kingine tuikate, labda ya kiti cha lori, labda mwaka huu, labda mwakani. Ahadi ya kuwa yangu hajairudia na mimi sijathubutu kuiuliza. Ila nimeapa, na naiandika hapa ili mnishike nayo, kwamba nikiharibu kitu nitasema kabla hakijapoa. Jumamosi iliyopita, mbele ya Mzee Masanja na wageni wawili, nilipaza sauti, "Babu, nimeikwaruza skrubu!" Akavaa miwani, akaitazama muda mrefu.

"Hii ilikwaruzwa kabla mama yako hajazaliwa," akasema. "Punguza sauti. Endelea."